Kidutu cha Shavuni na Kidole Gumba cha Nkambo

Nimefanya kazi maisha yangu yote ili watu wasione kitu. Fundi wa nyumba akizeeka anapita njiani, ananyoosha fimbo, anasema: ile njo mimi nilijenga, ndiyo mimi mwenyewe. Mimi nikipita sokoni hapa Kalemie, nyuso nilizoshona zinanipita, na zile nilizoshona vizuri kuliko zote siwezi hata kuzitambua. Wanaonikumbuka ni wale niliowaharibu. Hao wananiona kutoka mbali, na mimi nawaona, halafu wote wawili tunajifanya tunatafuta nyanya.

Ninyi vijana wa chumba cha operesheni ndogo mliniomba, siku ile ya soda na biskuti za kuniaga, niwaandikie njia gani ni bora ya kuondoa kidutu cheusi usoni bila kuacha kovu. Mlitaka ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Poleni. Ukutani bandikeni kalenda. Na vyeo vyangu msivitafute humu. Wakati wa Zaire vyeo vilikwenda kwa wale waliojua kucheza vizuri uwanjani siku za sherehe za chama, na mimi kiuno changu hakikunisaidia.

Nilifika hospitali nikiwa Sitwayeni Feza, yaani Raia Feza. Jina langu la ubatizo nililiacha nyumbani pamoja na rozari, maana serikali ilikuwa imeamua kwamba watakatifu si raia. Nilipelekwa kwa Papa Kilumba, infirmie mzee, muuguzi aliyetawala chumba cha operesheni ndogo tangu enzi za Wabelgiji. Hakunisalimia. Aliangalia mikono yangu, akaangalia masikio.

"Nani alikutoboa?"

"Mama yangu, Papa."

"Kidonda kilivimba?"

"Hapana, Papa. Kilipona vizuri."

"Basi, ngozi yako ni ya kushona. Kazi utaweza ao hautaweza, tutaona. Lakini ukijikata, hautatupatia haya."

Miezi mitatu hakuniruhusu kumgusa mtu. Kila Ijumaa alinunua kichwa cha mbuzi, mimi nikakikata mashavu na kuyashona, yeye akafumua nyuzi zote, nikashona tena. Jioni alikifunga katika jani la mgomba akampelekea mke wake akipike. Nadhani nilikuwa infirmie wa pekee katika Zaire nzima ambaye wagonjwa wake wote waliliwa.

Kutoka kwake nilijifunza kwamba kisu ni kitu cha mwisho. Kwanza unauliza: kidutu hiki kimekua upesi? Kimebadili rangi? Kinatoka damu? Wakisema ndiyo, hapo hakuna tena habari ya uzuri, unamwita dokta mbio. Wakisema hapana, unaangalia masikio na alama ya chanjo mkononi, kwa sababu ngozi yetu nyeusi ina kumbukumbu, na kuna watu ukiwakwaruza tu, kovu linavimba na kuota mpaka linakuwa kubwa kuliko kile kitu ulichoondoa. Halafu unamwambia mgonjwa: cheka. Anacheka kwa aibu, na mikunjo ya uso inajionyesha. Unamwambia: sasa kasirika. Miaka ile hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Unapitisha kisu ndani ya mkunjo, sambamba nao, usiukate hata siku moja, na kovu linajificha katika kicheko cha mwenyewe.

Lakini wengi walikuja kwetu wakiwa wamekwisha kujitibu. Kuna waliofunga kidutu na unywele mpaka kikaoza. Kuna waliopaka sabuni iliyochanganywa na chokaa. Kuna waliotumia maji ya betri, na maji ya betri, nawahakikishieni, yanaondoa kidutu. Yanaondoa na shavu. Papa Kilumba aliwaangalia hao, akachukua pamba, akanong'ona kwa Kiholoholo maneno ambayo sikuwahi kutafsiriwa.

Vifaa vilikuwa vile vilivyokuwapo. Uzi mwembamba wa hospitali ulipokwisha, Papa Kilumba alishuka bandarini kwa wauza nyavu, akachagua uzi wa nailoni uliotoka Kigoma, ule mwembamba kuliko wote, akauvuta mbele ya jua kama mwanamke anayechagua kitenge. Tuliuchemsha, tukauloweka katika alkoli, na ulishona vizuri ajabu. Warembo wengi wa kartiye za Kalemie walishonwa kwa uzi wa nyavu, na mpaka leo hawajui.

Na amri yake moja haikuwa na mjadala: "Kitu kimetoka mu mwili ya muntu, hakitupwe." Kila kidutu kiliingia katika kichupa kilichokuwa cha penisilini, tukatia formoli, tukaandika jina, kikangoja mtu wa kukipeleka Lubumbashi kwenye maabara, kichunguzwe kama kina kansa. Safari ilikuwa ndefu na wasafiri walikuwa na mizigo yao. Vichupa vikajipanga kwenye rafu mwaka baada ya mwaka. Nakumbuka jibu moja tu, nalo lilisema kichupa kilivunjika njiani. Mimi niliiona amri hiyo kama upuuzi, lakini niliitii. Basi shikeni hilo, maana tutalirudia.

Papa Kilumba alipostaafu aliniachia ufunguo, lenzi yake ya mkono na rafu ya vichupa. Na hapo ndipo alipokuja Numbi.

Numbi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka ishirini na mitatu, mrefu, sauti ya kuamrisha. Kwenye shavu la kushoto, karibu na mkunjo wa kicheko, alikuwa na kidutu cheusi, kikubwa kama punje ya hindi, kina nywele mbili. Alikaa kitini akakinyooshea kidole kana kwamba anamwonyesha mwanafunzi mtukutu.

"Mama Feza, ondoa hiki. Watoto wananiita Madame Nzi. Jana nimeingia mu klasi, nakuta wamechora uso yangu kwenye tablo, na inzi juu yake. Wamechora vizuri! Njo inaniuma zaidi. Na mwezi wa tatu toka sasa naolewa, na picha iko ya maisha."

Nikamwuliza maswali yote. Kidutu alizaliwa nacho, hakijabadilika. Nikaangalia masikio: hayakutobolewa. Msichana wa miaka ishirini na mitatu, Kalemie, bila tundu hata moja!

"Nkambo alikataa," akasema. Nkambo ni bibi kwa Kiluba. Bibi huyu, mzaa mama yake, alitoka Ankoro na ndiye aliyemlea. "Anasema hawezi kutoboa masikio ya mama yake."

Kisha akanieleza. Kule kwao mtoto hapewi jina hivi hivi. Jina linarudi na mwenyewe. Mama wa Nkambo aliitwa Numbi, na alikuwa na kidutu palepale, shavu la kushoto, na nywele mbili. Mama huyo alikufa, Nkambo akiwa bado mdogo. Kwa hiyo siku mjukuu alipozaliwa na kile kidutu, Nkambo alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio, na tangu siku hiyo hakumwita mjukuu wake kwa jina lingine ila Mama. Anampikia, anamkaripia asile bila kunawa kwanza, na anamwita Mama.

"Anajua umekuja hapa?" nikauliza.

"Aa, Mama Feza, asijue. Macho yake yamekwisha, anaona mwanga tu. Hataona kama kimetoka."

Nilikubali. Nasema wazi: nilikubali upesi, kwa sababu mawazo yangu yalikuwa kwenye masikio. Bila masikio sikujua ngozi yake inaponaje. Alama ya chanjo ilikuwa imeinuka kidogo, na hiyo haikunipendeza. Ikiwa ngozi ile ilikuwa ya kuvimba, ningempeleka harusini na kovu nene mahali pa kidutu, na watoto wa shule wangepata jina jipya baya zaidi. Papa Kilumba alinifundisha: mgonjwa asipokuwa na alama, tafuta za wazazi. Mama wa Numbi alikuwa amekufa zamani. Alibaki Nkambo.

Basi nikaenda Lubuye, nyumbani kwao, na uongo wangu mkononi. Nilisema hospitali inapima migongo ya wazee. Nkambo alikuwa amekaa kwenye mkeka anachagua maharagi kwa vidole, mwembamba, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Numbi aliinama kumsalimu. Nkambo akamshika uso kwa mkono wa kuume, kidole gumba kikaenda kwenye lile shavu, kikakaa pale.

"Mama, umerudi salama?"

"Nimerudi, Nkambo."

Mimi nilikuwa natafuta miwani yangu mkobani.

Nkambo alivua kitambaa cha mabegani bila kusita. Mgongo mzima ulikuwa na chale za zamani, mistari na mistari ya vinundu vilivyovimba, vizuri kama kazi ya msusi. Ngozi ya kuvimba, nikajiambia, basi, hakuna operesheni. Labda niliguna, maana yule mzee akacheka.

"Unahuzunikia nini, binti? Hizi hazikuvimba zenyewe. Walininyanyua ngozi na ndoana, wakakata, wakasugua majivu ya mukaa, kila siku, mwezi muzima. Nililia! Ngozi ya kwetu haipendi kuvimba, mpaka uilazimishe. Ngoja." Akanyoosha mguu, akashika mkono wangu, akaupeleka kwenye kifundo. "Hapa jembe lilinikata mpaka mufupa. Unasikia kitu?"

Nikapapasa. Sikusikia kitu. Nikaweka lenzi ya Papa Kilumba nikaona mstari mwembamba kama unywele, basi.

"Njo vile," akasema kwa majivuno. "Ngozi yetu inafunga kama maji."

Nikamshukuru, nikamwambia mgongo wake ni mzima kabisa. Njiani kurudi nilikuwa natembea na furaha tele. Mwongo njia yake fupi, walisema wahenga, lakini siku ile niliona njia imenyooka hadi hospitali.

Huko hospitali kulikuwa na Dokta. Kijana, ametumwa kutoka Kinshasa, abakosti yake, ile suti ya chama isiyo na tai, imepigwa pasi hata Jumamosi ya salongo, siku ya kazi za lazima za usafi. Alikuwa ameletewa mashine ya umeme ya kuunguza, na tangu siku ile hakuna kitu kilichoota juu ya mwili wa mtu ambacho hakutaka kukiunguza. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

"Dakika tano," akaniambia. "Tunaunguza, anarudi shuleni."

"Dokta, kwenye ngozi nyeusi moto unashuka chini kuliko unavyouona. Kidonda kikipona kitamwachia doa jeupe kama mbegu ya boga."

"Basi kata juu juu kwa wembe, sawasawa na ngozi."

"Mizizi ya zile nywele mbili itabaki. Kitarudi, na kitarudi na hasira. Nataka kukitoa chote, nikate kwa umbo la jicho ndani ya mkunjo wa kicheko, nishone kwa uzi mwembamba, nitoe nyuzi siku ya tano kabla hazijaandika uso."

"Mama Feza, wewe ni infirmie."

"Ndiyo, Dokta. Wewe utahamishwa. Mimi nitakutana na uso huu sokoni mpaka nife."

Aliitazama mashine yake. Alikuwa kijana mwenye akili, ila mashine ilikuwa imemlevya. "Fanya," akasema. "Lakini ikiharibika, mimi sikuwapo." Na kweli hakuwapo, alikwenda kunywa kahawa.

Numbi alilala. Nikamwambia cheka, akacheka. Nikamwambia kasirika, akafikiria ile tablo, na mkunjo ukaja wenyewe. Nikachora kwa wino. Nikadunga dawa ya ganzi. Machozi yalimtiririka mpaka masikioni lakini hakutikisika hata kidogo. Nilikata polepole. Nikashona vifundo vinne kwa uzi wa Kigoma, vidogo hivi kwamba nilizuia pumzi kwa kila kimoja. Kidutu nikakitia katika kichupa, nikaandika: Numbi, shavu la kushoto. Nikakiweka kwenye rafu pamoja na wenzake wasiosafiri.

Siku ya tano nikatoa nyuzi. Nikamkataza jua, nikamkataza kukuna, nikamkataza sabuni za kujichubua ambazo wasichana wote walikuwa wanajipaka. Muda wote ule alimwambia Nkambo jino linamwuma, akafunga shavu kwa kitambaa, na asubuhi alisalimia akiwa mlangoni. Wiki sita baadaye nikamwita Papa Kilumba kutoka nyumbani kwake. Alikuja na suruali yake ya shambani, akamshika Numbi kidevu, akamgeuza kwenye dirisha, akatazama kwa lenzi, akatazama bila lenzi.

"Wapi?" akauliza.

Vijana, hamjui mzee yule. Kwa miaka yote niliyokuwa chini yake hakunisifu hata siku moja. Neno lile "wapi" ndilo nishani yangu. Nililia chooni.

Siku iliyofuata kulikuwa na mtu kwenye benchi la nje ya chumba. Nkambo. Ametembea kutoka Lubuye na fimbo, jirani amemshika mkono. Numbi alikuwa amesimama nyuma yake, uso ameuinamisha. Kitambaa cha jino kilikuwa kimefunguka asubuhi ile chini ya mkono wa Nkambo.

"Wewe njo ulikuja kupima mugongo yangu?" akauliza.

"Ndiyo, Nkambo."

"Sema mbele yangu. Mama yangu iko wapi?"

Nikaanza kueleza mambo ya watoto wa shule, tablo, picha ya harusi. Hakunisikiliza. Alinyoosha mikono, Numbi akapiga magoti, na yule mzee akaushika uso wake. Kidole gumba kikaenda kwenye shavu la kushoto. Kikazunguka. Kikapanda, kikashuka, kikaenda shavu la kulia kana kwamba labda yeye ndiye amekosea, kikarudi. Ngozi ilikuwa imefunga kama maji.

Hapo ndipo nilipokiona kile kidole. Siku ile Lubuye kilikuwa mbele yangu, kinafanya kazi yake ya kila asubuhi, na mimi natafuta miwani. Nilikagua mgongo mzima wa yule mwanamke na sikukagua kidole chake. Kipofu hataona! Mimi, infirmie, niliamini kwamba watu wanaona kwa macho.

"Ungeacha hata kaalama kadogo," akasema. Hakupaza sauti, na ilikuwa vibaya zaidi. "Hata kakovu. Nijue ametokea wapi. Binti, mimi nilibaki yatima nikiwa mutoto. Sasa umenifanya yatima mara ya pili. Na njo mimi nilikufungulia mugongo!"

Numbi alikuwa analia kwa sauti. Nilijua njia tano za kuondoa kidutu na hakuna hata moja ya kukirudisha. Ndipo nikakumbuka upuuzi wa Papa Kilumba. Nikaingia ndani, nikapitisha mkono juu ya vichupa vya miaka, nikakitoa cha mbele, cha Numbi. Nikakikausha kwa aproni. Nikakiweka kwenye kiganja chake.

"Hakutupwa, Nkambo," nikasema. "Yuko hapa. Jina lake limeandikwa."

Alikitikisa karibu na sikio. Kisha akasema, si kwangu: "Mama. Kumbe walikuwekea mu baridi." Akakifunga katika ncha ya kitenge chake, mafundo mawili, akainuka. Kwenye rejista mbele ya jina la Numbi, mahali pa kuandika tarehe ya kwenda Lubumbashi, niliandika: amechukuliwa na mtoto wake. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Harusi ilifanyika. Picha ilitoka nzuri, uso laini, na Nkambo kakaa mbele akishika ncha ya kitenge. Na kila asubuhi, Numbi aliniambia, aliendelea kumwita Mama na kuweka kidole gumba palepale, hakukosea hata kwa upana wa ukucha, ingawa hapakuwa na kitu. Alipokufa walimzika na kichupa chake.

Numbi alikuja kwangu wiki moja baada ya matanga, amevaa nyeusi, mtoto mgongoni. Alikaa kwenye kile kiti cha siku ya kwanza.

"Mama Feza, nionyeshe pale kilikuwa. Nimejitazama mu kioo tangu asubuhi, sioni. Nataka nimushikishe mutoto kidole. Nkambo peke yake njo alikuwa anajua."

Nikamgeuza kwenye dirisha. Nikamwambia cheka, hakuweza. Nikatoa lenzi ya Papa Kilumba. Nikatafuta, nikatafuta, mimi niliyekata na mimi niliyeshona, na kazi yangu nzuri kuliko zote haikunionyesha kitu. Mtoto alikuwa anangoja, ameshaanza kunyoosha kidole.

Nikaweka gumba langu juu ya shavu lake.

"Hapa," nikasema. Familia ile nimeidanganya mara mbili, na hiyo ndiyo ya pili.